Tao Jembamba

Mwenyekiti wa halmashauri alikuja wakati mgonjwa analishwa uji. Mtu mwenye adabu angeuliza kwanza kama watu wanakula, lakini wakubwa hawana nafasi ya kuuliza. Alibisha hodi moja tu, akasukuma mlango, akajikuta katikati ya sebule pamoja na mhandisi kijana aliyemleta kutoka makao makuu. "Endeleeni, endeleeni, msijisumbue," akasema, kisha akakikalia kiti cha mikono, ambacho mtaa mzima ulijua ni cha mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alikuwa kitandani, kwa kuwa kitanda kilikuwa kimehamishiwa sebuleni tangu alipoanguka. Mkewe aliweka kijiko chini, akampangusa uji kidevuni harakaharaka, vile mama anavyompangusa mtoto wageni wakitokea. Mzee akageuza uso ukutani. Mambo yote ya ugonjwa ule alikuwa ameyavumilia, dawa chungu, kubebwa msalani, kugeuzwageuzwa, lakini kupanguswa kidevu mbele ya Mwenyekiti kulimuuma kuliko yote. Mkewe aliona, akajilaani kimoyomoyo.

Waashi walimwita Timazi, kwa jina la ile kamba yenye kipande cha risasi wanayoning'iniza kupimia kama ukuta umesimama wima. Alikuwa hawezi kukaa kwa watu chai ikapoa bila kuinuka kunyoosha picha iliyopinda ukutani. Alijenga barabara, mabwawa na madaraja tangu ujana wake, enzi hizo daraja ni mawe na chokaa na jasho. Hili la mwisho lilikuwa la tao moja, upinde mmoja wa mawe, likivuka mto uliougawa mji vipande viwili. Jiwe la kileleni lilikuwa limeshaingia. Lakini tao zima lilikuwa bado limekalia kiunzi cha mbao, na siku ya kuondoa kiunzi ndiyo siku ya kujua una daraja au una lundo la mawe mtoni. Kabla siku hiyo haijafika, Timazi akapigwa na kiharusi akiwa ananyoa ndevu.

"MZEE! POLE SANA!" Mwenyekiti alipaza sauti hadi kuku wakashtuka uani.

"Masikio yake mazima, shemeji," mke wa Timazi akasema. "Ni mkono na mguu wa kulia, na ulimi kidogo."

"Ah, vizuri, vizuri." Lakini hakupunguza sauti, ila alimgeukia mke na kuacha kabisa kumtazama mgonjwa. "Tumekuja kuwapunguzia mzigo. Mvua zimeanza kule juu milimani. Maji yakishuka yatakuja na magogo, magogo yatakwama kwenye kiunzi, kiunzi kikivunjika vibaya kitaondoka na tao. Kwa hiyo kiunzi kitoke kesho. Bwana mdogo huyu atasimamia, mzee apumzike. Amefanya mengi."

Alisema "amefanya mengi" kwa ile sauti ya watu wanaotoka mazikoni.

Mhandisi kijana hakukaa. Alikuwa amesimama karibu na mlango akigeuzageuza kofia yake mikononi, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetumwa jambo asilolipenda. "Mzee," akasema, naye akamwambia Timazi mwenyewe, si mkewe, "nimeisoma michoro yako usiku na mchana. Kazi nzuri mno. Lakini tao ni jembamba. Mimi ningeliongeza unene, hata nusu tena. Sisemi litaanguka. Nasema sijawahi kuona tao jembamba kiasi kile likibeba upana ule."

Binti wa Timazi, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, aliacha kukunja.

"Mi... mi," Timazi akasema. Mate yakamtoka kwenye pembe ya mdomo, na safari hii mkewe akajizuia kumpangusa. "Mi-mi. Chi-ni."

"Anasemaje?" Mwenyekiti akauliza.

Mke wa Timazi alielewa, ila alitamani asingeelewa. "Anasema atasimama chini ya tao yeye mwenyewe."

"Asimame? Kwa mguu gani?" Mwenyekiti akacheka, si kwa ubaya, ni kicheko cha mtu anayedhani ametaniwa. Alipoona anacheka peke yake, akakohoa, akaaga.

Kuna jambo moja hapa ambalo Mwenyekiti alilijua juujuu tu, kama wanavyojua wakubwa mambo mengi. Waashi wa pale walikuwa na sharti lao, na hakuna mkubwa aliyewahi kulivunja. Ili kiunzi kilegee, kabari zinazokishikilia lazima zigongwe zitoke moja moja, na kabari ziko chini, miguuni mwa nguzo za mbao. Kwa hiyo wagongaji wanaingia chini ya tao. Na kama wao wanaingia, basi aliyepiga hesabu za tao naye anaingia, anasimama katikati pale pasipo na pa kukimbilia, mpaka kabari ya mwisho itoke. Asipoingia, hakuna nyundo inayoinuliwa. Timazi alikuwa amesimama chini ya matao yake yote, mikono nyuma, akipiga mluzi, na mkewe hakuwahi kuambiwa hata mara moja. Alikuja kuyasikia sokoni miaka mingi baadaye, akamnunia wiki nzima.

Wageni walipoondoka, mke wa Timazi alirudi kwenye uji. Ulikuwa umeshapoa. "Na usifikirie," akamwambia mumewe. "Hutatoka kitandani hapa. Nimekuvuta mwenyewe kwa mikono hii kutoka mlango wa kaburi, halafu nikupeleke chini ya mawe? Thubutu!"

"Mama," binti akasema.

"Wewe nyamaza, kunja nguo."

"Mama, si yeye anayetakiwa kusimama pale."

Binti huyu alikuwa mtu mzima, anafundisha hesabu shule ya jirani. Macho ya baba yake yalipoanza kuingia ukungu, yeye ndiye aliyekuwa akimsomea tarakimu jioni mezani. Hilo mama alilijua. Alikuwa akiwapikia chai na kuwaambia wapunguze kelele, kwani wawili wale wakibishana juu ya sehemu ya kumi ungedhani wanagombea urithi. Asilolijua ni kwamba usomaji uligeuka uandishi, na uandishi ukageuka kazi yenyewe.

"Ule wembamba ni wangu," binti akasema. Alikuwa ameshika shati la baba yake, amelikunja likawa dogo mno. "Baba alitaka tao nene, kama anavyotaka yule mhandisi. Mimi nikamwambia tao nene ni zito, litasukuma kuta za kando, na ukingo wa ng'ambo ni udongo laini, hautastahimili. Nikapiga hesabu upya zote. Siku tatu tukabishana. Mwishowe akasema sawa."

Mama alimtazama binti, akamtazama mume, akamrudia binti. "Kwa hiyo hapa nyumbani mimi peke yangu ndiye mjinga."

"Hapana, Mama."

"Mnapanga mambo ya kuua watu kwenye meza yangu, mimi nawaletea chai!" Sauti ilimpasuka. "Na wewe baba mtu, unataka kubebwa kama gunia ukawekwe chini ya lile dude ili asiende yeye. Ndiyo au siyo?"

Timazi alifumba jicho lake moja, lile linalotii, na chozi likapita. Hakuhitaji ulimi kujibu.

"Loh," mama akasema. "Loh, loh, loh." Akachukua bakuli la uji, akaenda nalo jikoni, akabaki ameshika bakuli hajui alikwenda kufanya nini.

Jioni akaja Nyundo, mkuu wa waashi, aliyefanya kazi na Timazi tangu wote wawili wana nywele nyeusi. Alikuwa pande la mtu, akiingia chumbani chumba kinakuwa kidogo. Alivua kofia, akaketi kwenye kigoda karibu na kitanda, akaushika mkono wa Timazi uliokufa na kuuweka kwenye paja lake bila kusema neno. Alikuwa akifanya hivyo kila alipokuja.

"Vijana wamegoma, mzee," akasema hatimaye. "Yule mhandisi mdogo kaja kazini leo jioni, kasema atasimama yeye. Ana moyo, siwezi kumsema vibaya. Lakini nikamwambia, wewe bwana hukupiga hesabu zile, tena umesema mwenyewe ungefanya vingine. Ukisimama chini ya kitu usichokiamini, unatutisha zaidi kuliko asiposimama mtu."

"Chi-ni. Mi-mi," Timazi akasema.

"Tutakubeba mzee, ukitaka. Na kiti na kila kitu."

"Hamtambeba popote," mama akadakia kutoka mlangoni.

Binti akavuta pumzi. "Mjomba Nyundo," akasema, kwa maana alimwita hivyo tangu utotoni, "hesabu za tao nilipiga mimi."

Nyundo hakushtuka. Alijikuna shingo. "Sasa mwanangu, unadhani sisi vipofu? Mwaka mzima baba yako alikuwa akija kazini na mchoro kaushika juu chini, anatuonyesha kwa kidole, na sisi wote 'ndiyo mzee, tumeona mzee.' Kisha tunasubiri wewe upite jioni kumchukua, tunakuuliza wewe kiujanjaujanja. Hukumbuki nilivyokuwa nakuuliza?"

Binti alikumbuka. Alikuwa akidhani Nyundo ni mzito wa kuelewa.

Timazi akaanza kutikisika kitandani. Mkewe akakimbilia akidhani ni degedege, kumbe mume anacheka. Alicheka kwa nusu ya uso, machozi yanatoka pande zote mbili, na Nyundo naye akashikwa na kicheko, mpaka binti pia. Mama peke yake hakucheka. Alingoja waishe.

"Na wewe Nyundo," akauliza, "kesho unaingia chini?"

"Kila mara, mama. Kazi yangu iko huko."

"Mkeo anajua?"

"Anajua. Ananipikia vizuri siku hiyo." Akasimama, akaurudisha ule mkono wa Timazi juu ya shuka. Kisha akamwambia binti, taratibu, "Hakuna atakayekulazimisha. Ukisema hapana, nitawaambia vijana warudi nyumbani, mto ufanye utakavyo. Ukisema ndiyo, sisi tuko huko na wewe."

Alipotoka, chumba kikabaki kikubwa.

Alfajiri mama alimkuta binti jikoni, amekaa kwenye sakafu karibu na jiko bila kuliwasha. Alikuwa amevaa viatu tayari.

"Umelala?"

"Kidogo."

Mama akapiga magoti, akaanza kupanga kuni. Moshi ulipoanza ukajaa jikoni kote, kwani dirisha la jikoni lile lilikuwa upande usio na upepo, na kila asubuhi kwa miaka yote mama alipika akilia machozi ya moshi. Alijiambia usiku kucha atamwambia binti maneno haya na haya. Kwamba yeye ndiye mtoto pekee. Kwamba mto uchukue daraja lao, watajenga lingine. Kwamba hakuna aibu yoyote, watu husahau. Alikuwa ameyapanga vizuri kabisa.

"Mama, nikuulize kitu," binti akaanza yeye. "Siogopi hesabu. Nimezirudia mpaka naziota. Ninachoogopa ni Baba. Tulibishana siku tatu, halafu ghafla akasema sawa. Alisema sawa kwa sababu hesabu ni sahihi, au kwa sababu ni mimi? Alikuwa haoni, Mama. Alikuwa mzee na amechoka na ananipenda. Kama alikubali kwa mapenzi tu, basi nitawaua wakina Mjomba Nyundo wote. Nilimuuliza usiku. Amejaribu kunijibu, sikuelewa hata neno."

Hapo ndipo mama angeweza kusema yale aliyoyapanga. Ilitosha aseme "ndiyo, mwanangu, alikubali kwa mapenzi," na binti angevua viatu. Neno moja, na mtoto wake angebaki hai, na mambo yakaishia hapo. Alifungua mdomo aliseme.

"Unaliona dirisha hili?" akasikia akisema badala yake.

"Dirisha?"

"Nilipoolewa nikamwambia baba yako, toboa dirisha ukuta ule wa pili, moshi utatoka. Akapima, akasema hapana, ukuta ule ndio unaobeba paa, ukitobolewa utapasuka. Nikabembeleza. Nikalia. Nilikuwa bibi arusi, mwanangu, mzuri kweli kweli, nilimlilia shingoni! Akanifuta machozi, akanibusu, akasema hapana. Nilipokuwa na mimba yako nikamwambia moshi utakuumiza wewe tumboni. Akaenda akanijengea jiko la uani kwa mikono yake, nikapikia huko hadi ulipozaliwa, lakini ukuta hakuutoboa. Tunazeeka sasa. Mpaka leo ukuta haujatobolewa." Alikuwa akikohoa moshi, na labda si moshi tu. "Mimi alinipenda kabla yako. Kama mapenzi yangemfanya akubali kitu kisichosimama, mimi ningekuwa na dirisha."

Mama aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka. Alikuwa amekuja kumzuia, na sasa alikuwa amemfungulia mlango. Binti akamkumbatia pale pale sakafuni kwenye jivu, akalia kama mtoto, na mama akampigapiga mgongoni akisema "haya, haya, basi."

Watu walikuwa wamejaa kingo zote mbili za mto. Ndivyo watu walivyo, daraja likijengwa hawaji, likitaka kuanguka wanakuja na watoto. Maji yalikuwa yamepanda usiku, yamekuwa na rangi ya kahawia, na vijiti na majani vimeanza kujikusanya miguuni mwa kiunzi.

Timazi alibebwa na waashi wanne kwenye kile kiti chake cha mikono, akawekwa ukingoni kwenye kokoto, shali mabegani. Mkewe alimkubalia hilo, mpaka hapo, si zaidi. Mwenyekiti alikuja akihema. "Shemeji, nasikia mambo ya ajabu. Mnampeleka mwanamke chini ya tao?"

"Tunampeleka aliyepiga hesabu," mama akasema. "Kama halmashauri ina mwingine, ilete."

Mwenyekiti akamtazama mhandisi kijana apate msaada. Mhandisi kijana alikuwa akimtazama binti. "Ningeongeza unene," akamwambia, "na ningekuwa sikuufikiria ule ukingo laini. Nimeuona kwenye michoro usiku, nikakesha nao. Sina hakika, lakini sijui kama mimi ndiye niliyekuwa sahihi." Akavua kofia. "Ungependa nisimame nawe?"

"Asante. Kaa na baba yangu," binti akasema. "Anaweza kuteleza kwenye kiti."

Akashuka. Alikunja gauni akalifunga kiunoni, akapita majini hadi magotini, akaingia kwenye kivuli cha tao, akasimama kwenye kile kisehemu cha mchanga kilichobaki katikati. Nyundo na wenzake wakamfuata na nyundo zao, kila mmoja akaenda kwenye nguzo yake. Kutoka ukingoni walionekana wadogo. Tao lilipita juu yao, jembamba kwelikweli, hata mtu asiyejua ujenzi aliliona lilivyo jembamba, na mnong'ono ukapita kwenye umati.

Sasa kazi ile ina amri moja, na anayeitoa ni mhandisi mkuu: "Gongeni." Bila hiyo hakuna anayegonga. Na mhandisi mkuu, kwa karatasi na kwa heshima, alikuwa bado ni Timazi. Wote walikubaliana atoe amri yeye, ilikuwa ni heshima yake ya mwisho, na asubuhi ile kitandani alikuwa amelifanyia neno lile mazoezi. Go. Nge. Ni. Mkewe alikuwa amemsikia. Lilimtoka vizuri.

Nyundo akainua mkono kutoka chini: tuko tayari.

Timazi akafungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Shingo ilimtutumka mishipa, mkono wake mzima ulishika mkono wa kiti hadi vidole vikawa vyeupe. Mwenyekiti akainama kwa huruma. "Masikini, ulimi," akamnong'oneza jirani yake.

Lakini haukuwa ulimi. Mkewe alimjua mtu huyu. Chini ya kila tao alisimama akipiga mluzi, kwa kuwa aliyekuwa chini ni yeye. Leo chini yupo mtoto wake, na yeye ndiye aliyetakiwa kusema neno litakaloyaachia mawe juu ya kichwa cha mtoto huyo. Aliiamini hesabu. Aliiamini kabisa, na hakuweza. Alimgeuzia mkewe uso, na macho yale yenye ukungu yakamwomba msamaha.

Kule chini binti alikuwa amekaza macho kumtazama baba yake. Mama aliona, hata kwa umbali ule, jinsi mabega ya mtoto yalivyoanza kushuka. Angedhani nini, pale peke yake, akimwona baba yake anasita? Angerudi kwenye lile swali la jikoni. Alikuwa tayari amelirudia.

Gogo likaja na maji, likagonga nguzo ya kiunzi. Mbao zikalia, na watu wakapiga yowe.

Mama alipiga hatua hadi maji yakamfika viatuni. Hakuwahi kupaza sauti hadharani tangu azaliwe. "GONGENI!" akapiga kelele. "Gongeni, Nyundo! Mwanangu hajakosea!"

Nyundo hakuuliza amri imetoka kwa nani. Nyundo zikaanza. Ko, ko, ko, zikipokezana, kabari ya kwanza ikatoka, ikafuatia nyingine, na kila moja mama aliisikia ndani ya meno yake. Kiunzi kikalegea, kikashuka kidogo kutoka kwenye mawe. Hapo ndipo tao likaguna. Ulikuwa mguno mrefu, mzito, uliotoka ndani ya mawe yenyewe. Chokaa ikamwagika chini, vumbi likafunika kivuli kizima, na binti hakuonekana tena. Mhandisi kijana alikuwa amepiga magoti kando ya kiti cha Timazi, ameushika ule mkono uliokufa kwa nguvu zake zote bila kujua.

Nyundo zikaendelea. Mama aling'ang'ania hilo: kama wanagonga, wako hai. Ko. Ko. Kisha zikanyamaza, na hilo likawa baya zaidi.

Vumbi likachukua muda wake kutua. Kwanza zikaonekana mbao za kiunzi, zimelala upande, zikianza kuondoka na maji. Kisha tao, peke yake, halikalii kitu chochote. Kisha binti chini yake, mweupe kichwa kizima kwa chokaa, akitazama juu na kusogeza midomo, akihesabu kitu anachokijua yeye. Nyundo ndiye aliyemshika mkono kumtoa majini, maana alikuwa amesahau kutoka.

Watu wakapiga kelele, kofia zikaruka. Mwenyekiti alimpa mkono kila aliyemkuta, akiwaeleza kuwa tangu mwanzo yeye hakuwa na shaka. Mama hakusikia lolote. Alikaa kwenye matope na gauni lake zuri, binti akamkuta hapo, wakakumbatiana, chokaa na matope vikachanganyika.

Walipopanda hadi kwenye kiti, Timazi alikuwa akilia waziwazi mbele ya mji mzima, bila kugeuza uso. Binti alipiga magoti mbele yake. Yeye akaweka mkono wake mzima juu ya nywele zile zenye chokaa, akauacha hapo. Kisha akamtazama mkewe, akatafuta maneno moja moja, akayapata.

"Ni-li-shi-ndwa," akasema. "Ku-sema."

Mkewe alikamua maji kwenye pindo la gauni. Kidevu cha mume kilikuwa kimelowa machozi na mate. Aliinama akampangusa kwa kiganja, taratibu, bila haraka, na mzee akamwachia.

"Ndiyo maana ulioa," akamwambia.